Taya la Juu na Taya la Chini

Mlima Meru, ambao kilele chake kimepita mita 4,500 na ambao moto wake wa mwisho ulionekana mwaka 1910, umewajalia watu waishio chini yake neema zisizohesabika, mvua, udongo mweusi, migomba, kahawa na vijito baridi; lakini, kwa kuwa ni nadra kumpata mfadhili asiyependa kukumbukwa, umeyatia maji yake floraidi itokayo katika mawe ya volkano, na kila mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake yangali yakijiumba ndani ya ufizi huota meno ya rangi ya kahawia, ambayo hapana mswaki, mkaa wala dua iwezayo kuyatakasa. Mimi nilizaliwa huko, na hidaya hiyo nilipewa kwa ukamilifu.

Nausifu mlima kwa insafu yake, maana katika zama za utoto wangu insafu ilikuwa bidhaa adimu. Serikali ya Mwingereza ilitupanga kwa ngozi: Wazungu shule yao, Wahindi shule yao, nasi Waafrika shule yetu, na mtu aliyeugua alipaswa kukumbuka kabila lake kabla ya kukumbuka maumivu yake. Baba yangu, aliyetoka Pangani kufuata biashara, alikuwa na ndugu yake wa tumbo moja, na siku walipokwenda kuandikishwa karani aliwatazama pua, akaitafakari kila moja kwa wakati wake, kisha akamwandika baba Mswahili na ami Mwarabu. Tangu siku hiyo ami alikaa kitako kwa taadhima zaidi, na hata kikohozi chake kikabadilika. Mama yangu alikuwa Mmeru, na kwa upande wake jambo hilo halikuwa la kuchekesha, kwani mwaka 1951 Wameru walitolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata mwenzao Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa.

Ni mama huyo huyo aliyekuwa akitusimulia habari za Wapolandi, wale wakimbizi walioanza kuletwa Tengeru, chini ya mlima huo huo, mwaka 1942, baada ya kupitishwa Siberia na Uajemi, hata idadi yao ikafikia kama 5,000. Mama, ambaye hadi hapo aliamini kuwa Mzungu huzaliwa na motokaa, aliwaona wanawake weupe wakifua nguo zao wenyewe na kupalilia bustani kwa mikono yao wenyewe, akarudi nyumbani na kukaa kimya mpaka usiku. Wengi wao waliondoka baadaye wakaenda Uingereza, Kanada na Australia, na wengine wangali wamelala katika makaburi yao pale Tengeru; lakini mimi huwafikiri zaidi wale waliokuwa watoto wadogo, na sitashangaa nikiambiwa kuwa yuko bibi mzee mahali fulani Kanada ambaye akicheka huonyesha, bila kujua, mahali alipokunywa maji yake ya utotoni.

Nilipokwenda Tanga kuposa, meno yangu yalinitangulia. Mama mkwe, mwanamke wa staha, hakusema neno, ila alimwita binti yake faragha akamuuliza kama kijana yule anatafuna tumbaku au ana maradhi ya urithi. Binti alinitetea, akaolewa, akaja Arusha, na tangu wakati huo anakunywa maji yale yale ninywayo mimi na kupika makande kwa magadi yale yale; na kwa kuwa meno yake yalikwisha kukomaa kabla hajauona mlima, mpaka leo ni meupe pee. Jambo hili amelifanya kuwa hoja katika kila mabishano ya nyumba yetu, hata yale yahusuyo bei ya mkaa.

Basi uzee ukafika, nao haukubisha hodi mlangoni bali ulipita kinywani. Meno ya juu yaling'oka moja baada ya jingine, ilhali ya chini yalibaki yamesimama imara, yakidharau kila kilichotokea juu yao. Wajukuu wakachanga fedha, nikapelekwa kwa fundi wa meno ya bandia mjini, kijana mwenye adabu, ambaye alinifunulia safu ya vijino vya mfano nichague rangi: palikuwa na nyeupe, na nyeupe zaidi, na nyeupe ambayo nadhani imekusudiwa maharusi. Nilipomweleza kuwa nataka rangi ya Meru, ili juu na chini visigombane, alinitazama kwa huruma atazamwayo nayo mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, akasema, "Babu, hiyo haitengenezwi." Nikatoka pale nikiwa chotara wa kinywa: taya la juu mtu wa pwani, taya la chini Mmeru halisi, kila moja likifuata upande wa mzazi wake.

Taabu za kwanza zilikuwa za kawaida, mathalani mahindi ya kuchoma, ambayo niliyauma kwa furaha ya miaka ya nyuma, na nilipolitoa gunzi kinywani likatoka limevaa meno yangu mbele ya watu wazima na akili zao. Taabu kubwa ilikuwa gulioni. Jumamosi moja nilikwenda Tengeru kununua nyanya. Mama muuzaji akaniona nikitabasamu, akanikaribisha kwa heshima apewayo mgeni, na kunitajia bei apewayo mgeni. Nikamjibu kwa Kimeru. Akageuka kwa mwenziwe akamwambia, kwa Kimeru hicho hicho, kuwa mzee huyu wa Dar es Salaam amejifunza vizuri. Ndipo nilipouvuta mdomo wa chini kwa kidole, nikamwonyesha ushahidi. Alicheka hata mizani ikayumba, akaniita baba, akashusha bei, akaniongezea nyanya mbili za shukurani, na kunishauri kuwa nikija sokoni yale ya juu niyaache nyumbani.

Hayo yote yangebaki mzaha, lau mjukuu wangu, ambaye tangu utoto wake ananiita "mume wangu" kama ilivyo haki ya wajukuu, asingetangaza kuwa amepata mume mwingine. Naye ni kijana wa Kihindi, Mwislamu mwenzetu, ambaye jamaa zake wameuza vitambaa mjini tangu zama za babu zao. Wivu wangu ulikuwa wa halali. Upande wetu palikuwa na minong'ono kwamba Wahindi hawatoi mabinti bali huchukua tu, na upande wao, sina shaka, palikuwa na minong'ono iliyolingana na hiyo kwa uzito. Siku ya posa tulikaa sebuleni, wao ukuta ule, sisi ukuta huu, sambusa zikipoa katikati, na kila mtu akisifu mvua.

Babu wa kijana, mtu mzima kuliko mimi, alikuwa akinitazama kinywani kwa muda mrefu kupita ustaarabu. Hatimaye akasema, kwa Kiswahili cha Arusha kisicho na doa, "Mzee mwenzangu, samahani. Huyu wa chini namfahamu, ni mtu wa kwetu. Huyu wa juu ametoka wapi?" Kisha akacheka, nami nikayaona meno yake, yote yakiwa yake mwenyewe, ya kahawia kutoka pembe hadi pembe, kahawia iliyoiva kuliko yangu. Mke wangu alicheka kuliko wote, na sambusa zikaanza kuliwa.

Wanawake walipoingia katika mjadala wa biriani na ndizi, wakiwa hawajaafikiana ni kipi kitangulie, yule mzee alisogeza kiti chake karibu na changu, akanong'ona kuwa magego yake nayo yameanza kucheza, akaniuliza fundi yuko mtaa gani na alinitoza kiasi gani. Mtaa nilimwelekeza kwa uaminifu. Ama bei, kwa kuwa habari ya mahari ilikuwa bado haijaguswa, nilimtajia iliyopanda kidogo kuliko ile tuliyolipa, ili aanze kujizoeza.