Bega Langu na Visahani vya Baba Mkwe

Kwetu Tanga, mkwe hazoewi. Ukimwona anakuja unatengeneza shati, unaamkia kwa adabu, na kama kuna kichochoro karibu unakishukuru. Hapa Ohio baba mkwe wangu hunigongea mlango Jumamosi asubuhi, akiwa kashika rungu la plastiki, na kuniambia twende shambani kwa mdogo wake tukalenge shabaha. Hiyo "tukalenge" ni ya heshima tu. Yeye analenga kwa shotigani, mimi namrushia visahani vya shabaha.

Rungu lenyewe ukilitazama ni rahisi. Ni mkono mrefu wa plastiki wenye kishikio upande mmoja na mdomo wa kubania kisahani upande wa pili. Unapachika kisahani, unarudisha mkono nyuma, kisha unaufyatua kwa ubavuni, sio kwa juu kama mtoto anayeangua maembe ya jirani. Kisahani kikichomoka vizuri hutoka kinazunguka, na kule kuzunguka ndiko kunakokibeba hewani. Ukichelewa kukiachia kinajibamiza kwenye nyasi hapo hapo mbele yenu. Kikibanwa sana hakitoki kabisa: mkono unakwenda, mwili unafuata, kisahani kimetulia mdomoni, na mzee ameelekeza bunduki kwenye mawingu matupu anasubiri. Siku nyingine kinapasukia kwenye rungu, vipande vinakuingia kwenye kola.

Visahani hivyo si vya udongo, ingawa jina la udongo limeving'ang'ania. Ni lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, upana wa milimita 108, uzito wa gramu 100 na kidogo. Vimeundwa ili vivunjike. Madukani kuna katoni za visahani 90 na katoni za 135. Sihitaji kukwambia mzee hununua ipi.

Anasema, "Vuta!" Narusha. Akikipata, kisahani kinakuwa vumbi jeusi na mzee anageuka taratibu kupokea pongezi. Akikikosa, nimerusha chini mno, au nimekitia kwenye upepo, au nimerusha kabla hajawa tayari, ingawa ni yeye aliyeita. Nami nitasema nini? Ni baba mkwe. "Samahani mzee," naokota kingine.

Ninaye wa kumlaumu. Zamani wapiga shabaha walikuwa wanafungua vizimba, njiwa hai wanaruka, wao wanawamiminia marisaa. Hata kwenye michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 waliua njiwa hivyo hivyo. Wengine wakageukia tufe za kioo, nyingine zimejazwa manyoya ndani ili zikipasuka angalau zifanane na ndege. Fikiria kutembea peku kwenye shamba hilo. Lakini tayari mwaka 1880, huku huku Ohio, mjini Cincinnati, George Ligowsky akabuni kisahani kinachoruka. Vya kwanza vilikuwa vya udongo wa kuchomwa kweli, vigumu hata vingine vikipigwa vinalia tu kama kengele na kuendelea na safari. Mwishowe njiwa wengi walipona. Mzigo ukahamia kwenye mabega ya wakwe.

Na usidhani dunia haijaendelea. Vincent Hancock wa Marekani ana dhahabu nne za mtu mmoja mmoja katika Olimpiki, ya kwanza mwaka 2008 na ya nne mwaka 2024, na hakuna mkwe wake aliyesimama pale kumrushia. Kwenye viwanja vingine mpigaji anaita, maikrofoni inainasa sauti, mashine inarusha. Mimi baba mkwe amenifanya maikrofoni na mashine kwa wakati mmoja, na chai ya kwenye chupa nimebeba mimi.

Zamu yangu ya kupiga? Ipo, huahidiwa kila tukiondoka nyumbani. Bahati mbaya risasi huwa zinaisha kabla yake, kisha tunaanza kuokota maganda. Mke wangu nikimlalamikia anacheka na kunipaka dawa ya kuchua, anasema baba yake ananipenda. Naamini. Bega ndilo halijaamini.

Mashine ndogo za kurushia zipo, za springi, unakanyaga pedali tu. Nilimtajia mzee, akasema za nini gharama zote hizo na kijana una nguvu. Basi msomaji uliye huku Ohio, kama unayo ya mitumba inayofanya kazi, niandikie. Nainunua mwenyewe, na sitaomba unipunguzie bei.