Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye GB Zake

Kwa:
Mheshimiwa Afisa Mtendaji Mkuu,
Kampuni ya Apple,
Apple Park, Cupertino,
California, Marekani.

YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU UJAZO WA VISHIKWAMBI

Mheshimiwa sana,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naomba radhi kwa kuchukua dakika zako, ambazo najua kila moja ina bei kubwa kuliko mshahara wangu wa mwezi. Naomba radhi pia kwa mwandiko. Rasimu ya barua hii iliandikwa kwa biki, si kwa Apple Pencil, kwa sababu zitakazoeleweka mbele ya safari.

Mimi ni mzazi, mkazi wa Dar es Salaam. Binti yangu anaingia chuo na familia imeridhia anunuliwe kishikwambi. Rangi imeshapatikana, ukubwa wa kioo umekubaliwa, jalada limechaguliwa kwa kura. Limebaki swali moja tu, nalo ndilo linalotunyima usingizi: achukue cha GB ngapi? Kila mtaalamu ninayemwendea ananirudishia swali: "Kwani atakifanyia nini?" Mheshimiwa, ningejua msichana wa mwaka wa kwanza atakuwa anafanya nini akifika mwaka wa nne, nisingehangaika na vishikwambi. Ningefungua ofisi ya utabiri pale Kariakoo nikaishi kwa raha.

Nianze na shukrani, kama adabu inavyotaka. Tarehe 27 Januari 2010, marehemu Steve Jobs alipoonyesha iPad ya kwanza, alituwekea madaraja matatu yaliyonyooka: GB 16 kwa dola 499, GB 32 kwa dola 599 na GB 64 kwa dola 699. Wachambuzi wa iSuppli walikadiria kwamba chipu za GB 16 ziligharimu kama dola 30 na za GB 32 kama dola 59. Kwa hiyo aliyepanda daraja moja alitoa dola 100 akapewa nyongeza ya dola 30 hivi. Wenye husuda wanasema hiyo ni faida nono. Mimi nawakanya. Nawaambia kwamba zile dola 70 zilizobaki ni ada ya kutuliziwa moyo, na moyo wa mteja hautulizwi bure.

Nakushukuru zaidi kwa hekima ya kutuondolea daraja la kati kila lilipotaka kutuzoea. Mwaka 2014 iPhone 6 ilikuja na GB 16, kisha 64, kisha 128. GB 32 hatukuiona. Mwaka 2017 iPad ya kawaida ilikuwa na GB 32 au 128, na safari hiyo 64 ndiyo iliyopumzishwa. Mwaka 2021, na tena 2022, ikawa 64 au 256, na 128 ikawa kama haijapata kuzaliwa. Mwanzoni sikuelewa. Sasa naelewa kwamba ulikuwa unatuhurumia. Sisi wateja ni watu wa kusitasita: tungeiona 128 tungeinyakua, tukalipa kidogo, tukaenda zetu tukiwa tumeridhika, na wewe ungebaki na uchungu wa kutuona tumeridhika mapema. Ukatupa ndogo inayotia hofu na kubwa inayotia ganzi, ukatuachia uhuru wa kuchagua.

Sikatai kwamba mambo yamesogea. Machi 2025 uliamuru iPad ya kawaida ianzie GB 128 kwa dola 349, nasi tulipiga vigelegele. Lakini mtu akitaka 256 anapanda hadi dola 449, na akitaka 512 anafika dola 649. Hiyo ya mwisho inazidi ile ya kwanza kwa dola 300. Ukiongezea dola 49 tu juu ya hizo 300 unapata iPad nyingine nzima, yenye kioo chake, betri yake, kamera zake na GB 128 zake. Nimejaribu kumweleza mke wangu hesabu hiyo. Yeye ni mwalimu wa hisabati, na ameniomba nisiilete tena mezani wakati wa chakula.

Mheshimiwa, wapo watakaokwambia kwamba mtu mwenye akili hupima matumizi yake, kisha huchagua. Nimepima. Notsi za mhadhara na vitabu vya PDF ni vitu vidogo. Maktaba nzima ya mwanafunzi huweza kukaa ndani ya GB chache. Kinachokula nafasi ni vitu vinavyotembea. Video ya 4K inayorekodiwa kwa kamera zako huchukua kama MB 170 kwa dakika, hata ikibanwa vizuri, yaani kama GB 10 kwa saa. Rekodi kitchen party ya shangazi mtu tangu ukaribisho hadi keki, halafu uniambie kimebaki nini. Filamu za Netflix zikipakuliwa kwa ubora wa kawaida huweza kufika GB 1 kwa saa. Mchezo mmoja kama Genshin Impact hupita GB 20. Na tangu Mei 2025 iPad imepata WhatsApp yake rasmi, miaka 15 baada ya iPad yenyewe, kwa hiyo magrupu ya ukoo, ya mtaa, ya darasa na ya michango ya harusi yameshapiga hodi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe hakianzi kitupu, maana mfumo endeshi huwa umeshajipakulia sehemu yake kabla mwenye kifaa hajafungua boksi.

Kuhusu hilo la mfumo, nakumbuka iOS 8 ya mwaka 2014. Mtu mwenye kifaa cha GB 16 alitakiwa awe na takriban GB 5 tupu ili kupokea zawadi hiyo, akajikuta anafuta picha za watoto ili simu ipate kusasishwa. Mwishoni mwa mwaka huo kesi ikafunguliwa California. Walalamikaji walidai kwamba kwenye vifaa vya GB 16 hadi asilimia 23.1 ya nafasi iliyotangazwa haikuwa ya mteja kuitumia, na kwamba nafasi ikikaribia kuisha ndipo mteja anapooneshwa mlango wa kununua iCloud. Sina nia ya kufukua makaburi. Nataja tu ili ujue kwamba huku kwetu pia tunasoma magazeti.

Hapo ndipo unaponiambia, kwa upole wako, "Mzazi, si kuna iCloud?" Ipo, na naiheshimu. Ilitangazwa mwaka 2011 ikiwa na GB 5 za bure, na hadi leo ni GB 5 zilezile. Vifaa vyako vimekua, iPad Pro imefika TB 2, mara 400 ya zawadi hiyo, lakini zawadi imebaki na umbo lake la ujana. Kwa Marekani GB 50 ni senti 99 kwa mwezi, bei isiyomtisha mtu. Kinachotisha ni njia ya kufikia huko juu. Huku kwetu intaneti ya wengi ni bando: la saa, la siku, la wiki, na likiisha muda linaondoka na MB zake bila kuaga. Kupandisha GB 100 kwenye iCloud ni kununua GB 100 za bando kwanza. Kisha kila unapotaka kuitazama upya ile video ya kitchen party, unalipa nauli ya kuishusha. Anayesema hifadhi ya mtandaoni ni mbadala wa hifadhi ya ndani anaishi mahali ambapo intaneti hutiririka nyumbani bila kuhesabiwa. Ni mahali pazuri. Ningependa kupatembelea.

Na si sisi wanunuzi wa vifaa vipya tu tunaoumia. Mwaka 2017 mtu fulani ughaibuni alisimama dukani akachukua iPad ya GB 32, kwa kuwa nyumbani kwake intaneti haikuwa na kikomo. Alikuwa sahihi kabisa. Miaka ikapita, kifaa kikauzwa, kikaingia Kariakoo kama used. Kioo hakina mkwaruzo, betri bado inajikongoja, mnunuzi anafurahia bei. Lakini uamuzi wa yule bwana umo ndani vilevile, maana chipu za hifadhi zimechomelewa kwenye ubao. Kwetu kifaa hakifi na mwenyewe wa kwanza. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa yetu ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kuhesabu watu. Anayechagua ujazo leo anawachagulia watu asiowajua, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Naomba uniruhusu mfano mmoja. Huku kwetu mtu akijenga chumba na sebule huacha nondo zimechomoza juu ya nguzo. Mpita njia huona nyumba haijaisha; mwenye nyumba huona ghorofa ya mwanawe. Pesa ikipatikana atapandisha, isipopatikana atalala palepale na hakuna aliyemlazimisha kulipia ghorofa siku ya kumwaga msingi. Kishikwambi chako, Mheshimiwa, hakina nondo. Ghorofa inalipiwa siku ya msingi, na atakayeihitaji bado hajajua kama ataihitaji. Kwa hiyo ninachonunua kaunta si GB. Nanunua hofu yangu, na wewe ndiye unayeipangia bei.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe si mnyonge, kwa hiyo haki yako nakupa bila kukunyonga. Najua tundu la memori kadi lina maudhi yake. Galaxy Tab A9+ ya Samsung inalo na hupokea kadi hadi TB 1, lakini kadi ni nzito kwa mwendo, na mitaani zimejaa kadi zilizoandikwa GB 512 ambazo ukishaweka GB 30 zinaanza kula ulichotangulia kuweka. Najua pia kwamba tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019 umeturuhusu kuchomeka flashi na diski za nje, na tumeshukuru, ingawa programu hazikai humo, na tundu la USB-C la iPad ya bei nafuu linapitisha data kwa mwendo wa USB 2.0, kiwango kilichotangazwa mwaka 2000. Ni heshima kubwa kwa mambo ya kale.

Baada ya utangulizi huo mfupi, maombi yangu ni haya matatu.

Kwanza, daraja la kati lisiguswe tena. Ukipandisha ujazo wa chini, vuta na wa kati, ili mtu wa kawaida apate cha kawaida.

Pili, GB za bure za iCloud ziendane na kifaa kilichonunuliwa. Aliyelipia GB 128 apewe pa kuhifadhi nakala ya GB 128, walau kwa muda wa dhamana. Anayeuza kabati anajua kwamba ndani kutawekwa nguo.

Tatu, tuachie nondo. Kama tundu la kadi linaharibu sura ya kifaa, basi diski ya nje ipewe hadhi: kishikwambi kiweze kujinakili humo chenyewe bila kupitia kompyuta wala wingu, na tundu la kifaa cha bei nafuu liongezewe mwendo. Hilo halihitaji kiwanda kipya. Linahitaji ridhaa yako tu.

Wakati ofisi yako inatafakari, nami nimeshaamua, maana chuo hakisubiri. Binti atachukua cha GB 128. Programu na notsi zitakaa ndani, filamu na kumbukumbu za ukoo zitakaa nje, na upakuaji wa magrupu ya WhatsApp utazimwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuweka picha ya wasifu. Zile dola 100 ulizokuwa umezitengea nafasi kwenye GB 256 nitazipeleka kwenye diski ya nje ya TB 1, na huenda chenji ikabaki. Najua diski ya kuzunguka si sawa na chipu zako, haina mwendo wala madaha. Lakini inatoka kwenye kifaa kimoja na kuingia kingine, na siku binti akinunua kishikwambi kipya, diski haitamuuliza atakifanyia nini.

Ukiona hesabu hii ina kasoro, nipo tayari kuelimishwa. Ukiona haina, pia nipo tayari.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu na mteja wako wa daraja la chini,

Mzazi,
Dar es Salaam.

Nakala kwa:
Muuza vishikwambi, Kariakoo: kwa taarifa.
Mke wangu: kwa uhakiki wa hesabu.
Binti: kwa utekelezaji, hasa kipengele cha magrupu.