Mgeni Rasmi Ana Duara

Zamani Usukumani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana baada ya mavuno, kila upande na dawa yake ya kuvuta watazamaji. Wamisionari wengi walikunja uso. Padri David Clement wa Bujora akaona heri ngoma ziingie kanisani. Siku hizi, kuanzia Kahama hadi Geita, hakuna tena ushindani wa kipagani. Kuna uzinduzi wa albamu.

Kwaya huingia na sare mpya, ya tatu tangu Pasaka. Spika zimeelekezwa kwa kanisa jirani, ambalo nalo, kwa upendo wa Kikristo, limeelekeza zake huku. Sauti nne zimefanyiwa mazoezi kwa miezi. Kinanda cha umeme huzimeza zote kabla ya kiitikio. Mgeni rasmi ni mwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Karasha zake za kusaga mawe hazikuzimwa Jumapili hiyo, lakini nani aulize? Anapotaja mchango wake, watu wa besi, waliosinzia mahubiri yote, huitikia “amina” kwa noti sahihi kabisa.

Mwaka ambao maduara hayakutema, mgeni rasmi huwa mchungaji, na kwaya hugundua upya utamu wa kuimba bila vyombo.