Sifa za Alizeti Isiyofanana na Alizeti

Lucian wa Samosata, mwandishi wa zama za kale, alimtungia nzi maneno ya sifa, na sababu hakuikosa, kwani nzi hutua juu ya sahani ya sultani pasipo kubisha hodi. Basi nami nataraji radhi yenu nikimsifu kiumbe dhalili kuliko nzi, asiye na mbawa wala sauti, nacho ni kile kipicha cha kujichorea mtu mwenyewe kinachowekwa kwenye upau wa zana, juu kabisa ya programu ya simu.

Chetu kilizaliwa hapa Singida, ambako alizeti zikichanua, mashamba ya Ikungi na Iramba huwa ya manjano hadi macho yakachoka kwa furaha. Nilikuwa nimetengeneza programu ndogo ya kuwapasha jamaa zangu habari za bei ya gunia la alizeti na bei ya mashudu, na kwa kuwa katika alama zilizo tayari sikuona ua linaloturidhisha, nilikesha siku mbili nikichora la kwetu, lenye moyo wa hudhurungi na majani ya dhahabu, nikalipandisha juu kwa taadhima kama mtu anayemkalisha bibi harusi kitini.

Ukatokea mraba mweupe.

Hapo ndipo nilipoitambua fadhila yake ya kwanza, yaani kuvunja kiburi. Maana programu inapoamriwa kuzipaka alama zake zote rangi moja, haiulizi dhahabu wala hudhurungi, hutazama tu palipo wazi na pasipo wazi, na mimi, kwa ujahili wangu, nilikuwa nimelichora ua juu ya karatasi nyeupe isiyopitisha kitu. Nikaifuta karatasi. Fadhila ya pili ni uchache wa haja: katika simu za Android kipicha hiki hutosheka na vipimo 24 kwa 24, ingawa kidole cha mkulima hutengewa 48, ila ni mtanashati, hutaka kanzu tano za vipimo mbalimbali, ya nukta 24, 36, 48, 72 na 96, ili kila kioo akitokee kwa nguo inayomkaa. Nani kati yetu hushonewa kanzu tano kwa kazi ya kusimama pembeni?

Lakini utukufu wake hasa ni kwamba hakuna aliyemfahamu. Mjomba wangu alisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiki kikaango cha nini?" Jirani yake akasema ni ungo, kijana mmoja akaapa kuwa ni gurudumu la baiskeli, mwingine akashikilia kuwa ni jua, na kwamba programu ni ya utabiri wa mvua. Watu ambao hawakuwa wamekaa pamoja tangu mavuno wakakusanyika chini ya mti wakipokezana simu, na mazungumzo yakatoka kwenye ua yakaingia kwenye mbegu, deni, ndoa na ng'ombe aliyepotea. Neno "Bei" lingeua baraza lile kwa herufi tatu. Itazameni ile mistari mitatu iliyolala sambamba, aliyoibuni Norm Cox kwa ajili ya mashine ya Xerox Star ya mwaka 1981: leo imeenea ulimwenguni, kila mtu huigusa bila kufikiri, na kwa hiyo imenyimwa heshima ya kuulizwa jina. Ua letu huulizwa kila siku.

Nimhurumie nani, basi, kama si shangazi yangu wa Manyoni? Simu yake ni nyembamba, na upau ulipokosa nafasi, programu ilikiondoa kipicha changu ikakitia ndani ya zile nukta tatu za pembeni, ambako picha huvuliwa na kubaki maneno matupu: "Bei ya alizeti". Shangazi aliyagusa, akasoma bei, akauza magunia yake kwa siku nzuri, akarudi jikoni bila kumwuliza mtu yeyote neno lolote. Mpaka leo hajui kuwa nilichora ua.