Tomato Sosi Imekosa Nini Hadi Iitwe Gochujang?

Jamani, sogeeni hapo kwenye benchi na muuza kahawa anijazie kikombe, maana leo nina donge rohoni. Kuna watu mtaani wanamimina nusu chupa ya tomato sosi sufuriani, wanatia pilipili ya unga hadi jirani wa tatu anapiga chafya, wanadondosha vibonge vya unga wa ngano, halafu wanatangaza kwa kifua mbele: leo kwetu ni supu ya Kikorea! Mmh. Ya Kikorea. Nimesonya hadi fizi zinauma.

Na msidhani nawakataza kupika kwa vilivyomo kabatini. Hata kidogo! Supu yenyewe ni mtoto wa uhaba. Inaitwa sujebi: unga wa ngano uliokandwa, ukanyofolewa kwa vidole na kutupwa kwenye mchuzi unaotokota. Enzi za wafalme wa Joseon ngano ilikuwa adimu Korea, chakula cha unga wake kilikuwa cha wenye nafasi. Ikaja vita ya 1950 hadi 1953, nchi ikateketea, mchele ukawa wa kutafuta kwa tochi, na unga wa msaada wa Wamarekani ukamiminika. Akina mama wakaukanda, wakaunyofoa, watoto wakalala wameshiba. Leo wajukuu wao wanaitamani mvua inyeshe tu, wapate kisingizio cha kuipika. Sasa chakula kilichozaliwa na kukosa kitamnunia vipi aliyekosa?

Kinachonikera ni hiki: watu wanaiga rangi, kazi wanaiacha! Ule wekundu mnaouona kwenye tamthilia zao si nyanya. Ni gochujang, na gochujang ni unga wa pilipili, mchele unaonata, soya iliyochachushwa, chumvi na kimea cha shayiri, vyote vikatulia miezi na miezi ndani ya vyungu vilivyopangwa uani kwenye jua. Wilaya ya Sunchang ina jina kubwa kwa kazi hiyo, na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza ujuzi wa Wakorea wa kuchachusha soya namna hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Urithi wa dunia, ndugu zangu! Ninyi mnaufidia kwa chupa ya chipsi mayai.

Tena ngojeni niwachekeshe. Kuna kijana alibishana nami hapa kwamba pilipili ni damu ya Wakorea tangu enzi za Jumong. Wee! Jumong anatajwa kuianzisha Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo. Pilipili ni mzawa wa Amerika, haikuwahi kukanyaga Asia kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Mfalme wa watu alipigana vita vyote vile na hakuwahi kuwashwa ulimi hata siku moja. Maskini.

Haya, kabatini kuna nini? Anza na kimea. Kule Songea nani asiyejua togwa? Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, ukitiwa kwenye uji wenyewe unageuza wanga kuwa sukari. Kimea cha shayiri ndani ya gochujang kinafanya kazi ileile! Kwa hiyo pika uji mzito wa unga wa mchele, uache upoe hadi uvumilike kwa kidole, tia kijiko cha kimea, usubiri upate utamu. Kisha changanya na soya sosi, kitunguu saumu kilichotwangwa, na pilipili ndefu nyekundu zilizokauka, mbegu umezitoa. Si pilipili kichaa, nawaomba! Pilipili ya Wakorea ina ukali wa kiasi, ndiyo maana wanaweza kuijaza hadi mchuzi unakuwa mwekundu na bado mtu anaongea.

Mchuzi sasa. Ah, hapa ndipo ninapotaka kulia. Watu wanakimbilia vile vidonge vya kuku vya dukani, na dagaa wamejaa sokoni! Wakorea msingi wao ni samaki wadogo waliochemshwa kwenye maji ya chumvi kisha wakaanikwa. Dagaa wa Unguja wanafanywaje? Hivyohivyo, na wengi wao ni wa ukoo uleule. Chagua wakubwa, toa vichwa na matumbo maana ndiko uchungu ulipo, wakaange wakavu hadi harufu ya ubichi iishe, chemsha robo saa, chuja. Basi.

Kuna mjuaji mmoja alisikia Wakorea wanatia mwani, akaagiza wa Paje. Supu ikaanza kuvutika kijikoni, familia nzima inatazamana. Ewe mwanakwetu! Mwani unaolimwa Unguja tangu 1989 viwandani unatakiwa kwa ute wake wa kugandishia. Ule wa Korea ni mwani mpana wa bahari baridi, ukoo wa ule ambamo mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda alitoa glutamati mwaka 1908 akaeleza ladha inayoufanya mchuzi ukolee. Ukiukosa, tupia uyoga mkavu, au nyanya moja mbivu, maana nayo ina glutamati. Naam, nyanya ina kazi yake humo, ila mchuzini, siyo kuvaa nguo za gochujang!

Unga ukande na chumvi na maji tu, ufunike, uulaze nusu saa au zaidi. Msioweza kusubiri ndio mnaopata mawe. Koroga ule mchanganyiko wako wa pilipili mchuzini, tia viazi na mumunya kwanza, viive nusu, ndipo ulowanishe vidole, uvute unga hadi uwe mwembamba, unyofoe. Mwembamba, jamani! Nimeona mtu anatupia matonge ya saizi ya ngumi, nje yameiva, ndani unga mbichi, halafu anasema Wakorea wana meno imara.

Vipande vya unga vikielea na kung'aa, epua, ule palepale. Vikilala hadi kesho vinakunywa mchuzi wote na kuvimba, sufuria inabaki uji mwekundu. Na wapo, wallahi wapo, wanaopasha kiporo hicho na kumtengea mama mkwe.