Jirani, Niazime Dereva

Uingereza, dereva wa treni haendeshi njia asiyoijua. Huisoma kwanza: miinuko, makutano, kila taa ya ishara, mahali pa kuanza kufunga breki usiku wa ukungu; kisha hutia saini kwamba anaijua. Busara tupu. Ila tangu sheria ya 1993 ifungue mlango wa kuigawa British Rail, shirika la reli la serikali, vipande vipande, anayeijua njia huenda ameajiriwa na mpinzani wa kampuni yako. Reli yako ikifungwa na treni zako zikalazimika kupitia njia nyingine, ushindani wote unawekwa kando: unambishia hodi akuazime dereva wa kukuelekeza. Akikubali, ankara inafuata. Akikataa, abiria hupakiwa kwenye mabasi, ambayo madereva wake, ole wenu, wakati mwingine huwauliza abiria njia.