Juu ya Kichuguu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri ili niwahi kichuguu. Hapa Base ya Kamina, mtaani nje ya kambi ya jeshi la Kongo, mtandao haufiki nyumbani kwetu. Unafika juu ya kichuguu kilicho nyuma ya choo cha jirani, kirefu kuliko paa letu, na hauendi popote zaidi ya pale. Nilikuta watu wanne mbele yangu, mmoja wao mke wa sajini anayesubiri pesa kutoka Kolwezi. Zamu ni zamu. Nilipofika kileleni ilikuwa saa mbili kasoro na simu ilibaki na chaji ya asilimia tisa. Nikafungua tangazo la kazi: Mtaalamu wa Uhamaji wa Kimataifa, mkataba wa miezi sita, mwisho wa maombi tarehe 7. Sharti la kwanza ni kuwa umefanya kazi katika nchi mbili au zaidi zisizo yako. Simu ikazima.

Siku iliyobaki nimeitumia kutafuta nchi ya pili. Ya kwanza ninayo, ni Zambia. Mwaka 2011 nilitumwa Kasumbalesa kuhesabu malori, nikavuka kununua maandazi, nikakaa upande ule saa tatu kwa sababu mwenye muhuri alikuwa amekwenda kula.

Jumanne, 4 Novemba

Mama ameuliza kwa nini naomba kazi na hali kazi ninayo. Nikamwambia hii inaisha tarehe 30. Akauliza, na ile nyingine? Ile iliisha Juni. Mama ana hesabu yake: tangu nimalize chuo Kinshasa nimeajiriwa mara kumi na saba na kumaliza mkataba mara kumi na sita. Huwatajia majirani hesabu hiyo kwa sauti ileile anayotajia wajukuu.

Kwenye CV nimeandika hivi. Mwaka 2017, mtaalamu wa wakimbizi wa ndani, wakati wa vita vya Kamuina Nsapu kule Kasai. Mwaka 2018, mtaalamu wa waliorejea, Angola ilipofukuza Wakongo kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2019, mtaalamu wa mienendo ya watu na magonjwa: Ebola ilikuwa Kivu ya Kaskazini, nami nilikuwa stesheni ya Kamina nikihesabu wanaoshuka kwenye treni na kuwaonyesha ndoo ya kunawia. Tangu 2022, mtaalamu wa uhamaji na tabianchi. Vifaa ni vilevile, daftari na kiti cha kukunja. Mfadhili hubadili neno, sisi tunabadili kichwa cha fomu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda mjini kwa pikipiki. Mvua. Mimi nimeanguka mara moja, fomu mara mbili.

Sokoni, karibu na reli, kuna mama anayeuza ndakala, yaani dagaa. Nilimhoji 2017 kama deplase, yaani mkimbizi wa ndani, kutoka Kasai. Nilimhoji tena mwaka uliofuata, mumewe aliporudishwa kutoka Angola, kama kaya ya mrejea. Leo nimemhoji kwa ajili ya tabianchi. Meza yake haijasogea hata hatua moja. Aliponiona akasukuma beseni nipate pa kukaa.

"Leo tuko ba nani, papa?"

Nikamwambia leo ni wahamaji wa tabianchi. Akataka kujua kama hao wanapewa sabuni, maana badeplase walipewa. Nikasema sina habari. Swali la 14 linauliza kama mabadiliko ya mvua yamechangia uamuzi wako wa kuhama. Akatazama juu, mvua ilikuwa inaingia kwenye ndakala, akasema ndiyo, anahamia barazani sasa hivi. Nikaandika "ndiyo". Nikamsaidia kubeba meza. Kwa hiyo ile habari ya kutosogea imepitwa na wakati.

Wakati wa kurudi nilisimama stesheni kukausha fomu. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, treni zao zilipita kwenye makutano haya kuelekea Mwene-Ditu, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa. Baba alikuwa fundi wa Base. Siku za mapumziko alikuja hapa na madumu ya maji. Hilo halimo kwenye CV ya baba, kwa kuwa hakuwa nayo.

Alhamisi, 6 Novemba

Mtaalamu wa kimataifa amefika kutoka Geneva. Utafiti ni wetu sote wawili, yeye wa kimataifa, mimi wa kitaifa. Tofauti ni kwamba yeye anatia sahihi kwenye ripoti na mimi natia sahihi kwenye risiti za mafuta. Nyingine ni mshahara, lakini hiyo imeandikwa kwenye mkataba wake na si kwenye wangu.

Sanduku lake limekwenda Kalemie. Ameshuka na kompyuta na skafu. Suruali zangu hazimfiki kifundoni, za marehemu baba zinamtosha. Mama alimtazama alivyokaa kwenye kigoda na suruali ya fundi.

"Mwana yangu, huyu alikimbia nini?"

Nikasema hakukimbia kitu, ni mtaalamu. Mama akasema sawa, akamtolea blanketi, kipande cha sabuni na sahani ya bukari na sombe, kama anavyowatolea wote.

Jioni akaja shefu wa mtaa na kaye, daftari lake. Mtu yeyote anayelala kwetu usiku mmoja lazima aandikwe. Safu ni nne: jina, anakotoka, sababu, vitu alivyokuja navyo. Shefu hakuuliza mengi. Aliandika: Geneva, deplase, hana kitu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mwisho wa maombi ni saa sita usiku, saa za Kinshasa. Nchi hii ina saa mbili, na sisi wa Katanga tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, basi saa sita yao ni saa saba yetu. Ndiyo faida pekee ambayo mpangilio huo umewahi kuniletea. Nilipanda saa sita na dakika ishirini nikidhani nitakuwa peke yangu.

Mvua ilikuwa imekatika. Kumbikumbi walikuwa wanatoka. Nilikuta wanawake wanane na mabeseni na taa, na zamu ya mtandao ilikuwa imefutwa kwa usiku huo. Nikaruhusiwa kukaa kwa sharti moja: nisizime simu, maana kumbikumbi walikuwa wanaifuata kuliko taa zao. Jirani, mama wa mapacha, akaweka beseni chini ya kidevu changu. Diploma ilipanda kwa dakika kumi na tano. CV kwa dakika nane. Likabaki swali moja la kujibu ndiyo au hapana: je, uko tayari kuhamia popote utakapopangwa? Kumbikumbi akatua juu ya "ndiyo". Nikampangusa. Kidole kikateleza. Maombi yamepokelewa, yakiwa na "hapana", dakika kumi na mbili kabla ya muda.

Beseni lilijaa.

Jumamosi, 8 Novemba

Mgeni amekula sahani mbili za kumbikumbi wa kukaanga akidhani ni karanga. Alipoambiwa alinyamaza, akamaliza, akaandika kitu kwenye kompyuta. Nilichungulia: "mbinu za kaya za kukabiliana na hali".

Jumatatu, 10 Novemba

Tumekwenda kwenye kizuizi cha Base na barua. Nyumba yetu iko nje ya kambi, na mgeni anataka sampuli ya waliomo ndani. Mlinzi aliisoma barua yote, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa barua yangu yoyote.

Base hii si ngeni kwa kuhesabiwa. Wabelgiji waliijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Novemba 1964 makomando wao walipanda ndege hapa kwenda Kisangani, na bila shaka mtu aliwahesabu walivyopanda. Mwaka 2001 serikali iliwakusanya hapa wapiganaji Wanyarwanda, Umoja wa Mataifa ukaja kuwahakiki. Baadaye wakaja askari wa kuchanganywa katika jeshi jipya, na baada yao waliosalimisha silaha. Kila kundi lilikuja na watu wa fomu, na kila mara Mama aliuza chai.

Mlinzi akauliza tunataka kuhesabu watu wangapi. Mgeni akasema sampuli ndogo tu, asilimia tano. Mlinzi akauliza asilimia tano ya ngapi. Mgeni akasema hicho ndicho tulichokuja kuuliza. Mlinzi, kwa heshima kabisa, akasema hicho ndicho asichoweza kusema. Sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984. Mimi mwenyewe nimo ndani yake, nikiwa na miezi minne. Mgeni akauliza kama ina takwimu za ngazi ya mtaa. Nikamwambia ina mimi.

Tumeamua kuhesabu nje ya kizuizi. Hata hivyo askari wasingeingia kwenye hesabu. Kwa maelekezo yetu anayehamishwa na mwajiri wake wa kijeshi si mhamaji, na mkewe amemfuata tu. Mke wa sajini amezaliwa Mbandaka, ameolewa Kitona, amejifungua Goma, Bunia na hapa. Kwenye fomu nimemwandika "hajahama".

Jumatano, 12 Novemba

Tumemaliza kaya arobaini. Wahamaji wa kimataifa: sifuri. Mgeni amefadhaika, kwa kuwa jedwali la 3 limekwisha kuahidiwa kwa mfadhili na haliwezi kwenda tupu. Dunia ilikuwa na wahamaji wa kimataifa milioni 304 mwaka 2024, akasema, lazima mmoja atakuwa Base. Tukarudi kwa jirani ambaye babu yake alitoka Angola. Babu alikufa 1979.

Usiku, taa ya mafuta katikati yetu, alinifundisha historia ya fani. Yote huanzia kwa Ravenstein, ambaye mwaka 1885 aliandika kwamba wahamaji wengi huenda karibu tu. Huyo Ravenstein mwenyewe alizaliwa Frankfurt akafia mbali na Uingereza alikoishi, na alichora ramani kubwa ya Afrika ya Mashariki. Nafikiri ningempenda. Mama alisema hata yeye anajua hilo la kwenda karibu: dada yake alihamia nyumba ya tatu na tangu hapo hawaonani.

Ndipo nikasoma tena maelekezo. Mhamaji wa muda mrefu ni aliyebadili nchi ya makazi kwa miezi kumi na miwili au zaidi. Wa muda mfupi ni wa miezi mitatu au zaidi lakini chini ya kumi na miwili. Nikamuuliza mgeni anaishi wapi. Geneva. Tangu lini? Machi. Kabla ya hapo Dakar, kabla ya hapo Amman, na kabla ya hapo Bangkok kwa mikataba miwili. Pasipoti yake ni ya nchi aliyoiacha akiwa na miaka kumi na tisa. Mkataba unaisha Desemba na hajui wa mwingine.

Jedwali la 3, wahamaji wa kimataifa wa muda mfupi: 1. Amelitia sahihi.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemkuta mgeni kwenye foleni ya kichuguu, nyuma yangu, na suruali ya baba. Anaomba kazi Nairobi. Ameniomba niwe mdhamini wake. Nami nikamwomba awe wangu. Tumepeana mikono.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeitwa kwenye usaili, pamoja na ile "hapana". Saa tisa alasiri, saa za Kongo. Nilipanda saa tisa yetu nikiwa na tai. Saa kumi kasoro dakika tano zamu yangu ikaisha nikashuka. Saa kumi kamili simu ikalia, maana kwao Kongo ni Kinshasa. Nilikuwa chini, na chini hakuna mtandao wa kutosha sentensi moja. Aliyekuwa juu ni mke wa sajini. Nikampa simu kwa kuirusha. Aliidaka.

Aliweka spika. Yeye alikuwa akinitupia maswali chini, mimi nikimtupia majibu juu, kwa Kifaransa, na foleni yote ikisikiliza. Kwa dakika kumi mambo yalikwenda. Kisha wakauliza uzoefu wa kuishi katika mazingira tofauti. Nikaanza na Kasumbalesa. Mke wa sajini hakungoja. Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu, alisoma kwa masista Mbandaka. Aliwaeleza Kitona, aliwaeleza Goma na safari ya boti na watoto wawili, aliwaeleza Bunia na namna ya kuanza nyumba mara tano kwa sufuria moja. Wakamuuliza kama yuko tayari kuhamishwa. Akacheka mpaka akashika kichuguu.

Wakasema asante sana, mahojiano yamekuwa ya kipekee.

Jumamosi, 15 Novemba

Jibu limefika alfajiri. Mimi sikuchaguliwa, uzoefu wa nje ya nchi hautoshi. Wanaomba CV ya mwenzangu.

Nimempelekea habari akiwa anaanika nguo. Akauliza kama kazi ina nyumba. Nikasema haisemi. Akauliza ni wapi. Nikasema popote. Akasema wao wenyewe wanasubiri barua ya uhamisho wa mumewe, akifika huko atatafuta mtandao uko wapi. Akanikabidhi vibanio nimshikie.

Treni ya mgeni ilikuwa ije jana. Leo stesheni wanasema Jumatano. Sanduku bado liko Kalemie. Saa moja asubuhi shefu amepita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, na aliyelala mtaani zaidi ya wiki analima mfereji kama wengine. Mgeni ameniuliza kama salongo ni ushahidi wa makazi ya kawaida. Nimemtolea jembe la baba. Shefu amefungua kaye, akatafuta jina, akakata "hana kitu", akaandika: jembe, 1.